Dirisha la upande wa mulima

Jumanne, mwezi wa tisa. Saa ine ya asubuhi tu, na mabati imeanza kulia juu ya kichwa changu, ile mulio wa chuma inapopata moto. Hakuna wingu hata moja, toka mulimani mpaka ziwani. Ombeni amelala. Nimeandika mustari wa kwanza, nikaenda kumugusa kifua. Nimeandika wa pili, nikaenda tena.

Kinapanda. Kinashuka.

Kama kuna mutu anasomaga hii blog yangu, anisamehe. Sikuandika kitu toka mutoto azaliwe, miezi miwili sasa. Leo naandika juu kuna neno nimebeba na nyumbani sina mutu wa kuambia. Mama mukwe hajui kusoma. Baba Neema, bwana wangu, iko ndani ya boti kwenye njia ya Kalemie, simu yake leo inaita, kesho haiiti.

Jumamosi, ile tunaitaga siku ya posho, nilikaribia kumupoteza mutoto wangu. Na saa ile alikuwa anapotea, minye nilikuwa namushukuru Mungu.

Nyumba yetu ni chumba kimoja na salon, huku Songo, mutaa wa Uvira. Matofali, mabati, hakuna plafond chini ya mabati. Madirisha ni mawili: moja ya chumbani inaangalia mulima, na ingine ya salon inaangalia ziwa. Ya mulima, Baba Neema aliipigilia mbao na misumari ile miezi masasi za vita zilikuwa zinapita juu ya nyumba. Masasi zilinyamaza, mbao zikabaki, juu wezi wao hawakunyamaza. Ya ziwa ilifungwa na mama mukwe siku ile ile nilitoka maternité na Ombeni mikononi. Aliifunga, akasokota kitenge cha zamani, akakijaza kwenye nafasi zote mpaka mwangaza wenyewe ukakosa pa kupita.

Mama alikuja toka Mutarule na mufuko wa unga wa muhogo na kuku wawili, kunichunga mimi na mutoto, sawa vile mama mukwe anapaswa kufanya. Sitaki mutu amufikirie vibaya. Huyu mama amenikanda tumbo na maji ya moto kila asubuhi, amenipikia uji, amefua damu yangu bila kukunja uso. Sijui kama mama yangu muzazi angenifanyia vile. Lakini kwa jambo la mupepo, huwezi kumusogeza hata kidole kimoja. Kwake, mutoto ambaye hajamaliza miezi mitatu kichwa chake kiko wazi bado, pale juu panapochezacheza, na mupepo inapitia pale, inashuka mu kifua, mutoto anaisha.

Na kwetu huku hilo neno linabeba mizigo miwili. Mupepo ni ile inayotingisha nguo kwenye kamba. Mupepo ni ile pia wanaifukuzaga kwa maombi na kufunga. Mama akisema "mupepo itamuingia", huwezi kujua anasema gani. Nafikiri yeye mwenyewe hatenganishi.

Basi Ombeni alikuwa anavaa kofia ya sufi, soksi, fulana ya mikono mirefu, na blanketi juu. Mwezi wa tisa, Uvira.

Siku nilimupeleka kwa chanjo, infirmière wa kituo cha afya aliona shingo yake imejaa upele wa joto. Ni mama mumoja mufupi, anasemaga polepole. Akaniambia, "Mama, huyu mutoto anahitaji hewa." Hivyo tu, juu benchi ilikuwa imejaa nyuma yangu.

Nilirudi nyumbani nikamwambia Mama neno lile lile. Akawaza.

"Hewa, ndiyo," akasema. "Hewa haijaua mutu. Lakini alisema hewa ama alisema mupepo?"

"Alisema hewa, Mama."

"Njo hivyo. Bale ba hospitali banajua kutenganisha."

Nilijua kabisa infirmière alitaka kusema tufungue madirisha. Nilijua, na sikutamka. Nilitaka amani ndani ya nyumba, na mu lile neno hewa niliona kanjia kadogo ka kupitia. Nilimupigia Baba Neema, akatutumia vantilateri, ile feni, aliinunua kwa mutu aliyeitoa Bujumbura, kadogo, ka mapanga matatu, kanakokula kwenye batri ya plake yetu ya jua.

Mama aliizunguka sawa mutu anayechagua mbuzi.

"Hii hewa inaitengeneza yenyewe?"

"Ndiyo, Mama."

"Haiendi kuichukua inje?"

"Hapana. Inaitengeneza humu humu ndani."

Nilisema hivyo kwa kinywa changu. Na hapo njo tulifanya kosa letu, sisi wawili kwa moyo wa kupenda: tuliweka vantilateri miguuni pa kitanda, ikiangalia mutoto, kisha tukafunga kila kitu vizuri kuliko mbele, mpaka chini ya mulango tukaweka gunia, ili ile hewa nzuri isitoroke.

Jumamosi vantilateri ilizunguka toka asubuhi. Siku zingine zote saa za muchana Ombeni hulia mpaka sauti inakauka. Ile siku, saa saba, nilikuwa inje nafua. Mama alikuwa kwenye kizingiti anachambua maharagi.

"Unasikia?" akaniuliza.

"Nasikia nini?"

"Njo naulizia. Humusikii. Hewa imemufaa. Mutoto wangu alitumikisha akili kununua ile kitu."

Nikasimama na povu mikononi, nikasema, asante Mungu, leo mutoto amepumzika. Na minye nikapumzika. Nilianika nguo polepole. Nilikaa chini nikafumua nywele zangu, nikaanza kusuka upande mumoja. Ni miezi sikuwa nimegusa kichwa changu. Nilikuwa naimba hata.

Naiacha hapa ili nikianza siku moja kujisifu kama niko mama muzuri, niirudilie. Mutoto alikuwa anaisha, na minye nasuka nywele.

Matiti njo yaliniita. Yalijaa yakaanza kuuma, nikajua saa yake ya kunyonya imepita mbali. Nilipofungua mulango wa chumba, joto ilinipiga usoni sawa mutu anafungua tanuru ya mikate, na ile vantilateri ilikuwa inaisukuma, inaisukuma, juu ya mutoto. Ngozi yake ilikuwa ya moto na kavu. Pale utosini palikuwa pamebonyea, sawa mutu ameweka kidole gumba na kukandamiza. Niliweka titi mu kinywa. Kinywa kilibaki wazi. Hakikufunga.

Tulipanda pikipiki, Mama nyuma yangu, Ombeni katikati yetu. Na hata pale njiani, Mama alivuta blanketi akamufunika kichwa juu ya mupepo ya barabara. Sikumuzuia. Niliogopa yeye au niliogopa mupepo, sijui.

Infirmière alikuwa yule yule. Alimuvua mutoto nguo moja moja na kuzitupa chini bila kuziangalia. Alimupangusa na kitambaa cha maji, akatafuta mushipa kwa muda mrefu, mukono, kisha mukono mwingine, kisha kichwa. Serumu ilipoanza kushuka njo alituangalia.

"Hicho chumba kiko na dirisha?"

"Moja chumbani, ingine salon," nikasema.

"Ziko wazi?"

Mama akasema, na sauti ya mutu anayetoa karte yake kwenye bariere ya askari, "Tuko na vantilateri."

Infirmière hakumucheka. Aliketi kando yake kwenye benchi.

"Mama yangu, vantilateri haifanyagi baridi. Inasukumaga tu ile inakuta. Kama inakuta baridi, itakupatia baridi. Kama inakuta moto, njo moto itakupatia. Weye na minye tutatoka jasho, tutakunywa maji, tutatoka inje. Huyu atafanya nini?"

Akatuonyesha kwa mikono miwili, mumoja mulima, mumoja ziwa. Asubuhi mbele jua haijapanda, akasema, ile inayoshuka toka mulima iko baridi. Fungueni upande wa mulima. Vantilateri muiweke kwenye dirisha ingine, upande wa ziwa, iangalie inje, imugeuzie mutoto mugongo. Itatoa joto yote ililala ndani, na baridi itaingia yenyewe nyuma yake kuchukua nafasi. Jua ikipiga mabati, mutoto mumutoe inje, mumuweke kwenye kivuli. Titi kila saa. Ile kofia, muipatie mutu anaenda Minembwe, kule juu kwenye baridi.

Kisha akasema kitu kingine, akisimama, karibu asikiseme.

"Mutoto mudogo akinyamaza sana saa ya jua, musifurahi. Si kila mara ni usingizi."

Nikamukumbuka Neema.

Neema ni mutoto wangu wa kwanza. Njo maana watu wananiita Mama Neema mpaka leo, na bwana wangu Baba Neema, hata kama mwenye jina hayuko. Alikufa mwaka uliopita, mwezi huu huu, mu chumba hiki hiki, na miezi miwili na nusu. Muchana. Alikuwa amenyamaza vizuri. Mama alikuwa amekuja ile mara pia kutuchunga, na madirisha alifunga vile vile. Ile siku nilienda kwenye robine kuteka maji, na nilisahau mulango wazi. Kwenye matanga, kila mutu aliyeingia aliambiwa habari ya ule mulango. Hakuna aliyenitukana. Walisema tu, mama yake ni mudogo bado, hakujua, aliacha mulango wazi, mupepo ikaingia. Baba Neema aliangalia chini. Minye nilikubali. Ule mulango nimeubeba mugongoni mwaka muzima, nikienda sokoni niko nao, nikilala niko nao.

Sasa sikiliza ubaya wangu. Pale kwenye benchi, mutoto wangu wa pili ana sindano mu kichwa, hatujui kama ataamka, kitu cha kwanza kilinijia kilikuwa furaha. Si mulango. Si minye. Ilikuwa joto. Nilimuangalia mama mukwe na ndani yangu nikasema, basi ni weye.

Yeye alikuwa anaangalia ukuta. Sijui kama alikuwa amefika pale nilikuwa nimefika.

Jumapili jioni walituruhusu. Ombeni alikuwa ananyonya, kidogo, anachoka, ananyonya tena. Infirmière alisema nihesabu mara anakojoa, na akikosa kukojoa kutwa nirudi mbio.

Jana njo tuligombana. Nilisema nitachomoa mbao za dirisha ya mulima.

"Zile mbao aliziweka mutoto wangu," Mama akasema.

"Na mutoto wangu njo analala nyuma yake."

"Dirisha ya ziwa nitakufungulia kidogo, saa ya jioni. Ile ya mulima hapana. Kule juu kuna vitu weye haujui."

"Mama, ulimusikia infirmière."

"Nilimusikia. Yeye akimaliza kazi anaenda kwake. Kukitokea kitu, atakuja kulia hapa?" Kisha akaongeza, huku anachukua sufuria, "Weye Mama Neema unapenda sana kufungua. Leo dirisha, kesho mulango. Ya kwanza tuliona ilitufikisha wapi."

Nikasema. Neno lilitoka sawa kitu kilikuwa kimeshikiliwa na uzi.

"Mupepo haikuua Neema. Ni joto ilimuua. Ni kufunga. Uliza nani alikuwa anafunga."

Aliweka sufuria chini, polepole, sawa ina maji yamejaa, na haikuwa na kitu. Akatoka nyuma ya nyumba. Hakurudi mpaka giza.

Nilimupata Baba Neema kwenye simu. Alinisikiliza, nikasikia na moteri ya boti. "Minye niko katikati ya ziwa," akasema, "na nyinyi munaniletea dirisha." Kisha akasema, "Chomoa."

Leo asubuhi mbele jua haijatoka niliomba pensi ya kuchomoa misumari kwa Mama Sifa, jirani. Akanipatia kupitia kwenye lupango ya kati yetu, macho ya usingizi.

"Bwana hayuko na weye unabomoa nyumba? Akifika Uvira atakuta umeuza na mabati."

"Nitaanza na mabati yako," nikamwambia.

Misumari ilikuwa imeshika kutu. Nilichubuka vidole viwili. Ubao wa mwisho ulipotoka sikuwa nimejitayarisha. Baridi iliingia mara moja, ikapita kando ya shingo yangu, ina harufu ya majani ya mulimani na moshi wa makala ya kupikia, na pazia ya katikati ya chumba na salon ikainuka yenyewe. Nilisimama pale sawa mujinga. Hii ilikuwa inapita nyuma ya ukuta kila asubuhi, na sisi tuko ndani.

Nikatoa kitenge kwenye dirisha ya salon, nikaweka vantilateri pale, uso kwa ziwa.

Mama alikuwa amekaa inje chini ya ile dirisha, kwenye kiti kifupi. Alipopigwa na ile inayotoka, akainua kichwa.

"Sasa huku unapepea nani? Ziwa? Ziwa imekulalamikia joto?"

Nilicheka, juu ilikuwa ya kuchekesha kweli. Yeye hakucheka. Aliinua mukono akauweka mbele ya mapanga.

"Hii iko ya moto," akasema.

"Ni ile ililala ndani, Mama. Inatoka."

Alibakiza mukono pale. Muda mrefu. Mbele ya nyumba watu walianza kupita na madumu, wengine wakamusalimia, hakuitika. Alikuwa anageuza kiganja, mbele, nyuma.

"Hii yote ilikuwa ndani?"

"Yote."

"Na vantilateri imetoa hivi toka saa ile, na haijaisha."

"Haijaisha bado."

Akashusha mukono, akaufuta kwenye kitenge sawa umelowa.

"Na Neema?"

Hilo njo nililokuwa nataka toka Jumamosi. Jibu nilikuwa nalo kinywani, tayari. Nikamuangalia kichwa chake toka juu, kile kitambaa amefunga vibaya juu hakulala, na halikutoka.

"Sijui, Mama. Hakuna mutu anajua."

"Jana ulikuwa unajua."

"Jana nilikuwa na hasira."

Akatikisa kichwa. Kisha akaanza kusema, si kwangu sana, alikuwa anasemea maji ya ziwa kule mbele.

"Ile siku nilimufunika blanketi mbili. Nakumbuka, juu nilisema ndani yangu, mbili zinatosha, ni muchana. Kisha kwenye kukunja vitu vyake, nikakunja tatu. Mwaka muzima nimetafuta ile ya tatu nilimuwekea saa ngapi. Sioni. Mutu anazeeka, mikono inafanya vitu bila kumwambia."

Niligusa vantilateri, sawa inataka kuanguka.

Aliingia ndani, akamuinamia Ombeni kwenye ile baridi ya mulima. Nilifikiri atamufunika. Alimutoa soksi, moja, kisha ya pili, akaziweka mu mufuko wake wa nguo. Ule mufuko ameufunga tayari. Amesema anarudi Mutarule kesho na pikipiki ya asubuhi, muhogo unamungoja shambani. Hakuna muhogo unaongoja mutu mwezi huu. Nilimwambia abaki. Akasema, "Haiko hasira, mwanangu. Mu hii chumba njo siwezi tena kulala."

Ombeni amekojoa mara tatu toka asubuhi. Upele wa shingo bado. Utosi umerudi, haujarudi sana. Saa hizi mabati imeshika moto kabisa, namutoa inje kwenye kivuli cha ukuta, nitamalizia kuandika pale, na nitaendelea kumugusa kifua mpaka mukono uchoke.

Kimebaki kitu kimoja, na Mama hasomi blog, kwa hiyo naweza kukiandika hapa na kujificha. Ile siku ya Neema nilirudi kutoka kwenye robine, nikakuta mulango wazi. Mama alikuwa nyuma ya nyumba. Nilifunga mulango mbio, nikachukua blanketi ya kitanda chetu, nikaikunja mara mbili, nikamufunika Neema mpaka masikio ili mupepo iliyoingia isimukute. Alikuwa amenyamaza. Nikasema, amelala vizuri. Nikarudi kuchukua dumu la pili.

Sijawahi kumwambia mutu. Mbele, nilifikiri nilichelewa tu kumufunika. Toka Jumamosi najua nilifanya nini, na nimemuacha mama muzee atafute blanketi yangu ndani ya mikono yake.

Sijui kama nitapata sauti. Lakini kesho nitaamka mbele yeye hajaamka, nitafungua upande wa mulima, nitamuketisha kwenye kitanda pale baridi inapopita, na mbele pikipiki haijafika nitamwambia ile ya tatu ilikuwa yangu.